Kambi ya vijana karibu na Naivasha: nzuri, ila fungasha soksi

Binti yangu wa miaka 15 alienda hapo kwa safari ya daraja la Shaba la Tuzo ya Rais (mpango wa kuwajenga vijana nchini Kenya), ile ya siku mbili na usiku mmoja. Kituo ni cha hisani, hivyo ada ni nafuu, na wenzake wasiojiweza walilipiwa kabisa. Hema, mifuko ya kulalia na sufuria unazikuta huko.

Wakufunzi ndio walionikosha. Pale Fischer's Tower, mwamba wa kama mita 25 ndani ya hifadhi ya Hell's Gate, kila kamba na kofia ngumu ilikaguliwa upya kabla ya mtoto kupanda. Aliyeogopa hakusukumwa wala kuchekwa. Alishika kamba pamoja na mkufunzi. Ramani walisoma wenyewe, wakapotea kidogo, wakajirudisha. Ugali waliousonga, nasikia, uliliwa kwa kijiko.

Vyoo ni vya shimo lakini safi. Maji ya kuoga ni barafu, na baridi ya usiku Naivasha si mchezo, ilhali orodha tuliyotumiwa haikutaja sweta wala soksi za ziada. Simu huchukuliwa langoni (waliohangaika ni sisi wazazi). Kwa likizo ya Agosti, wahi nafasi. Shule huzimaliza haraka.