Skopu ya kidijitali ya mchana na usiku: 4K isikuzuzue

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo ni zamu ya skopu za kidijitali, yaani darubini za kulengea, zile unazozifunga kwenye bunduki asubuhi ukalengea mchana kutwa, na jua likizama huifungui, unaendelea na hiyo hiyo. Wengi mnaniuliza mnunue ipi, na karibu kila ujumbe una neno 4K ndani yake. Basi nianzie hapo hapo kwenye 4K, maana ndipo watu wengi wanapopotelea.

Kwanza tuelewane hiki ni kifaa gani. Skopu ya kawaida ni vioo tu: mwanga unaingia mbele, unatokea nyuma, unafika kwenye jicho lako. Ya kidijitali inafanya kazi kama kamera ya simu. Mwanga unapita kwenye lenzi, unaangukia sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, prosesa inatengeneza picha, na wewe nyuma kule unatazama skrini ndogo ambayo mara nyingi haifiki hata nusu inchi. Ina maana humwoni mnyama mwenyewe, unaona video yake. Kila swali la kununua linarudi hapa: video hiyo ni nzuri kiasi gani usiku, kwa umbali unaopiga wewe?

Sasa 4K. Chukua mfano wa ATN X-Sight 4K Pro, ambayo imejulikana sana. Sensa yake ni ya 4K, yaani zaidi ya pikseli (nukta zinazojenga picha) 3800 kwa upana. Lakini skrini unayoitazama ina pikseli 1280 kwa 720. Picha yote ile inabanwa iingie kwenye skrini ndogo kuliko sensa mara tatu kwa upana. Kwa hiyo ukiwa kwenye ukuzaji wa chini kabisa, unachokiona ni picha ya 720, yaani pikseli 720 kutoka juu hadi chini, basi. Je, 4K ni bure? Hapana, faida yake inakuja ukivuta. Zumu ya kidijitali inakata kipande cha katikati ya sensa na kukitandaza kwenye skrini. Ukiwa na sensa ya 3840 na skrini ya 1280, unaweza kuvuta mpaka mara tatu na kipande kile bado kinajaza skrini kwa pikseli za kweli. Ukipita hapo, picha inakuwa kubwa lakini hakuna kipya unachokiona, ni vile vile vilivyonyooshwa.

Linganisha na Pulsar Digex C50, yenye sensa ya 1920 kwa 1080 na skrini ya 1024 kwa 768. Hiyo ukivuta mara mbili tu akiba imeshakwisha. Kwa hiyo mtu akikuambia skopu yake inavuta mpaka mara 20, muulize mambo mawili: inaanzia ukuzaji gani, na sensa na skrini vina pikseli ngapi. Gawanya pikseli za sensa kwa za skrini, utajua zumu yenye faida inaishia wapi. Na mimi nashauri ukuzaji wa kuanzia uwe mdogo, mara tatu na kitu hivi, kama unawinda kwenye vichaka au mashambani. Ukianzia mara tano au zaidi, mnyama akisogea hatua chache unamtafuta upya.

Halafu kuna upande wa usiku, na hapa 4K inaweza hata kukurudisha nyuma. Sensa mbili za ukubwa mmoja, moja ya 4K na nyingine ya 1080: ile ya 4K imegawanywa vipande vingi zaidi, kila pikseli ni ndogo zaidi, na pikseli ndogo inakusanya mwanga kidogo. Ndiyo maana unaweza kukuta skopu ya 1080 inatoa picha safi gizani kuliko ya 4K yenye lenzi hafifu. Tazama na lenzi pia. Mbili zikiwa na kipenyo sawa, milimita 50 tuseme, ile yenye urefu mfupi wa fokasi, yaani umbali ambao lenzi inakusanya mwanga ukawa picha, inamwaga mwanga mwingi zaidi juu ya sensa.

Skopu ikikosa mwanga, inaacha kila fremu, yaani kila picha moja ya video, ikae wazi muda mrefu zaidi. Mchana unaona fremu 50 au 60 kwa sekunde, usiku zinaweza kushuka sana, na mnyama anayetembea anaanza kuacha ukungu nyuma yake. Wauzaji hawakuonyeshi hili, video zao zote mnyama amesimama anakula.

Tuje kwenye taa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwangu taa ni nusu ya skopu. Gizani kabisa sensa haina cha kukusanya, lazima umulike kwa mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu karibu haliuoni lakini sensa inauona. Utakutana na namba mbili za urefu wa wimbi la mwanga huo: nanomita 850 na nanomita 940. Ya 850 sensa inaipokea vizuri zaidi, kwa hiyo unafika mbali. Kasoro yake, ukiitazama kwa mbele unaona kinyekundu hafifu kwenye kioo cha taa, na mnyama aliyezoea kuwindwa anaweza kukishtukia. Ya 940 kinyekundu hicho karibu hakionekani, ila sensa inaipokea kwa udhaifu, umbali unapungua. Ukipiga umbali mfupi na wanyama wenyewe ni waoga, chukua 940. Sehemu wazi, mbali, chukua 850. Ile Digex inakuja na taa ya kufunga na kufungua, ama 850 ama 940, na mpango huo naupenda sana kuliko taa iliyojengewa ndani usiyoweza kuibadilisha.

Tena taa iwe na uwezo wa kubana na kutanua mwanga. Ukizidisha umbali mara mbili, mwanga unaomfikia mnyama unabaki robo. Kwa hiyo taa iliyotanuliwa inakuonyesha vizuri mita 50 na kukuacha gizani mita 150. Ukibana unafika, lakini kando kando kunakuwa giza. Na nyasi! Nyasi ndefu mbele ya mtutu zikipigwa na infraredi zinawaka nyeupe, skopu inapunguza mwangaza wa picha nzima, na mnyama nyuma yake anapotea. Ukungu na vumbi vinafanya hivyo hivyo. Dawa ni kuiinua taa juu ya skopu au kuisogeza pembeni, na kupunguza nguvu yake. Na usiitazame taa ya infraredi kwa karibu ikiwa imewashwa. Jicho halioni mwanga huo kwa hiyo halijikingi, lakini unaingia na unaweza kuliumiza.

Kuna wanaouliza kwa nini wasinunue moja kwa moja ya joto, ile inayoona joto la mwili badala ya mwanga. Skopu ya joto ni nzuri mno kwa kugundua kwamba kuna kiumbe pale, hata ndani ya nyasi, hata bila taa. Lakini inakuonyesha umbo la joto tu. Kutambua ni kiumbe gani hasa, ana pembe au hana, ni wa porini au ni wa mtu, ya kidijitali yenye taa nzuri inakupa undani zaidi. Na mchana ya kidijitali inakupa rangi. Hata zile za kizamani zenye tyubu ya kukuza mwanga haziwezi kazi hiyo, mwanga wa jua unaziharibu.

Hilo la kutambua nalisema kwa uzito wote. Macho mawili yanayong'aa kwenye skrini hayakuambii ni nani. Mbwa anang'aa macho, ng'ombe anang'aa macho. Usifyatue mpaka uone mwili mzima na ujue kilichopo nyuma yake, maana kilichopo nje ya duara la taa hukioni kabisa. Na kutafuta mnyama kwa kuzungusha skopu iliyo juu ya bunduki ni kuelekeza mtutu kwenye vitu usivyovijua. Tafuta kwa darubini ya mkononi, bunduki inyanyuke ukishatambua.

Jambo jingine ambalo watu hawalitarajii ni umbali. Skrini ni bapa, inaondoa ile hisia ya kina unayoipata kwa macho mawili, na usiku hakuna miti ya kukusaidia kukadiria. Mnyama wa mita 200 unamdhania wa 120, risasi inapita chini. Kama bajeti yako inakuruhusu kitu kimoja cha ziada, chukua kipima umbali cha leza kabla ya intaneti, kabla ya programu ya simu, kabla ya kurekodi video.

Kuziro, yaani kurekebisha skopu ili risasi ipige pale unapolenga, ni rahisi kwenye hizi. Nyingi zina njia ya kugandisha picha: unapiga, unarudisha msalaba wa kulengea pale pale ulipolenga, unagandisha, unausogeza msalaba huo mpaka kwenye tundu la risasi, unahifadhi. Ila msalaba unasogea kwa pikseli. Tuseme upana unaouona kwa mita 100 ni mita 12, na skrini ina pikseli 1280: kila pikseli inafunika karibu sentimita moja. Ukitaka usahihi mkubwa kuliko huo, tafuta skopu inayokuruhusu kuziro ukiwa umevuta. Na ukishaziro mchana, rudia kupiga usiku kabla hujaenda kuwinda. Fokasi pia inahama kidogo ukitoka mwanga wa mchana kwenda infraredi, kwa hiyo gurudumu la fokasi liwe laini na ulifikie bila kuondoa shavu kwenye kitako.

Umbali wa jicho, yaani nafasi kati ya jicho lako na kioo cha nyuma cha skopu, nao usiupuuze. Sightmark Wraith HD ni milimita 60, Digex ni milimita 50, wakati skopu nyingi za kawaida zinakupa karibu 90. Bunduki yenye teke kubwa na skopu ya milimita 50, nyusi yako itaambiwa. X-Sight 4K Pro hapa inashinda, ina 90. Uzito nao: nyingi zinacheza karibu na kilo moja, kwa hiyo pima bunduki ikiwa imekamilika, pamoja na taa na betri.

Betri nazipitia haraka. X-Sight ina ya ndani ya kuchaji, mtengenezaji anasema zaidi ya saa 18. Ikiisha porini huna la kubadilisha, utabeba pawabenki. Wraith HD inatumia betri ndogo nne za aina ya CR123A, unabadilisha dakika hiyo hiyo. Mimi nachagua inayobadilishwa. Baridi inazikata nguvu zote, za akiba ziweke mfuko wa ndani karibu na mwili.

Kabla hujalipia, angalia sheria ya unakowindia. Nchi nyingi zinakataza au kuwekea masharti kuwinda usiku, na kwingine kufunga kifaa cha kuona gizani kwenye bunduki ni kosa hata kama hujapiga. Kuvuka nacho mpaka ni suala jingine tena, kinaweza kuhitaji kibali chake.

Mkinitaka niseme moja: kwa mtu anayepiga chini ya mita 150, nampa ya 1080 yenye ukuzaji mdogo wa kuanzia, taa ya kubadilisha na betri ya kubadilisha, na pesa inayobaki aiweke kwenye taa bora zaidi. Wa mita 200 na kuendelea, hapo ndipo 4K inaanza kumlipa, mradi iwe na skrini ya 1920 kama HIKMICRO Alpex 4K na kipima umbali juu yake. Andikeni hapo chini mnapiga umbali gani na bunduki ya kaliba ipi, nitawajibu mmoja mmoja.