FamilySearch na bibi yangu wa Masasi: uzoefu wangu

Nina mwaka mmoja na ushei natumia tovuti ya FamilySearch kutafuta ukoo wa mama yangu, watu wa Masasi. Kila nikiitaja naulizwa mambo mawili: ni bure? Na je, majina yetu yamo? Bure ni bure kweli. Unafungua akaunti, unaanza, hakuna mwezi wa majaribio wala kadi ya benki. Wenye nayo ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, makao yake Salt Lake City kule Utah, na kazi hii ya kukusanya kumbukumbu za koo waliianza mwaka 1894. Kuhusu majina, mimi yangu niliyatoa kwenye vinywa vya wazee, na hapo ndipo nilipoharibu mwanzoni.

Nilijaza mti wa ukoo mpaka kwa bibi mzaa mama, nikakwama. Aliyebaki anayejua ni mdogo wake, bibi mdogo, ana miaka themanini na kitu. Nikamwandikia maswali 11 kwa WhatsApp kupitia simu ya binamu yangu. Walizaliwa mwaka gani, kabila gani, walitokea wapi, walikuwa watumwa? Niliandika hivyo hivyo, bila hata shikamoo ya maana. Wiki mbili kimya. Kisha binamu akanipigia: "Bibi anauliza, unataka kumpeleka nani mahakamani?"

Anayeijua Masasi ataelewa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, nia ikiwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa walikotekwa. Walipofika Masasi wakaamua kukaa, wakajenga. Mwaka 1882 Wamagwangwara, yaani Wangoni, wakauvamia mji ule, watu wakatawanyika, wengine wakaishia Newala. Kwa hiyo ukimuuliza mzee wa pale "asili yenu wapi", umemgusia mtu aliyeuzwa na mtu aliyepotea siku ya uvamizi, yote kwa swali moja. Na umemuuliza kwa simu, binamu akisoma kwa sauti mbele ya majirani.

Nikapanda basi. Nilibeba sukari, sabuni za mche na kitenge, na siku ya kwanza sikuuliza lolote. Tulizungumza korosho, bei yake na wale vijana wanaokata mikorosho mizee. Siku ya pili, baada ya chai, bibi aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kipande cha khanga. Ndani mlikuwa na kadi za kanisa zilizokunjwa mara nne, cheti cha ndoa kilichokatika kwenye mikunjo, na picha moja ya mwanamke aliyesimama kando ya kiti kitupu. Bibi aliweka kidole kwenye kile kiti. "Hapa angekaa mjomba. Alikataa kupigwa picha." Sikuwa nimeuliza. Akaendelea mwenyewe mpaka adhuhuri.

Kabla sijawasha kinasa sauti cha simu nilimwomba ruhusa, na kabla sijapiga picha kadi hata moja nikamwomba tena. Ruhusa ya tatu ndiyo nzito zaidi na naona watu wengi wanairuka: ruhusa ya kuweka majina kwenye tovuti. Watu walio hai, habari zao humo kwa kawaida huonekana na wewe uliyeziandika tu. Marehemu ni wa wote, na picha au sauti utakayomwambatishia wanaiona wengine. Tena kanisa lenye tovuti hii lina ibada ya kubatiza kwa niaba ya waliokufa. Nilimweleza bibi bila kuficha, nikamwambia pia kwamba wao wanaamini marehemu ana hiari ya kuikubali au kuikataa. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Baba yangu alishabatizwa. Mwandike mama, baba mwache." Basi mti wangu una pengo pale kwa baba yake, na litabaki. Kama wazee wako ni Waislamu, au Wakristo wa madhehebu mengine, waeleze jambo hili kabla hujaandika jina lolote. Wasije wakalisikia kwa mtu mwingine wakati umeshamaliza kujaza.

Kuna jingine aliniambia kuhusu namna mama wa babu yake alivyofika pwani, akasema liishie pale barazani. Halipo kwenye mti na hapa pia silisemi.

Sasa tovuti yenyewe. Mti ni mmoja wa dunia nzima: kila marehemu anatakiwa awe na ukurasa mmoja, wenye namba yake, na yeyote mwenye akaunti anaweza kuurekebisha. Kwetu, ambako mjomba ndiye mwenye neno na ukoo unafuata mama, visanduku vya baba na mama havitoshi, kwa hiyo habari za mlango wa ukoo naziandika kwenye maelezo ya maisha ya mhusika. Ni kazi ya ziada, lakini inafanyika. Nyota nne kati ya tano kutoka kwangu.

Mwezi wa nne nilipata taarifa kwamba yule mjomba aliyekataa picha ameunganishwa na mtu mwingine, kwa sababu tu wote waliitwa Yohana na wote walikuwa watu wa misheni. Majina ya ubatizo yalijirudia mno kwa wazee wetu, jina tupu halithibitishi chochote. Nilipandwa na hasira, nikamwandikia ujumbe aliyewaunganisha, nikaufuta. Asubuhi yake nikaandika huu:

"Habari za kazi ndugu. Mimi ni kitukuu wa dada yake Yohana wa Masasi, namba yake ni hiyo hapo juu. Kadi yake ya kanisa, ambayo nimeiona kwa macho, inasema alibatizwa Masasi 1921. Naona wako ni wa Newala na ana mke mwingine. Je, una karatasi yoyote inayoonyesha kuwa ni mtu mmoja? Kama hakuna, naomba tuwatenganishe. Nilichonacho nitakupa nakala."

Alijibu siku ya nne. Hakuwa na karatasi, alikuwa akimtafuta babu yake tu kama mimi. Badiliko kama hilo linaweza kurudishwa, kwa hiyo tuliwatenganisha siku ile ile, na kwenye nafasi ya kuandika sababu akaandika kwa kirefu ili mwingine asirudie. Nikamtumia picha ya kadi kama nilivyoahidi. Juma lililofuata akanitumia majina ya familia tatu za Newala ambazo wazee wake walisema zilihama kutoka Masasi.

Siku hizi nami naombwa msaada. Mtu anaandika "nisaidie ukoo wangu wa Mtwara" halafu basi. Namjibu, lakini namtaka jina la mtu mmoja, mahali, miaka ya kukadiria, na ameshaulizia wapi. Akitaka namba ya simu ya bibi sitoi. Namuuliza bibi kwanza, na mara mbili amekataa. Ukienda parokiani kuomba wakutazamie daftari, usiende Jumapili watu wakitoka ibadani, na usiombe waliache mikononi mwako. Nenda na mwaka mmoja au miwili, kaa kwenye benchi, na kama kuna ada lipa bila kuvutana. Katibu aliyenisaidia alifunua kurasa kwa saa nzima, kazi zake zimesimama. Nilimrudishia nakala iliyochapwa ya orodha niliyoitoa humo, akaihifadhi ndani ya daftari.

Bibi nilimpelekea mti wa mama yake, umechapwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu. Aliusoma kwa kidole, jina kwa jina, akasimama kwa dada yake aliyeolewa Lindi. "Huyu watoto wake ni wanne, umeandika watatu." Yule wa nne alifariki akiwa na siku tisa. Alikuwa na jina, na bibi ndiye pekee anayelikumbuka. Nililiandika palepale kwa kalamu, nilipofika Dar nikaliingiza.