Rothenburg: panda ngazi, usiishie kwenye dhahabu

Nimeshika patasi miaka ishirini na mbili, milango na vitanda vya nakshi. Kwa hiyo nilipoingia kanisa la St. Jakob, Rothenburg ob der Tauber, Ujerumani, nilikwenda kukagua kazi ya fundi mwenzangu.

Wageni wengi huishia chini, kwenye altare kuu ya mwaka 1466. Sanamu zina rangi, dhahabu inawaka. Nikaipa dakika tano. Nilichokifuata kiko juu, roshani ya magharibi: altare ya Damu Takatifu. Mchongaji Tilman Riemenschneider alipewa kazi hii mwaka 1501, na ilikamilika 1505.

Haikupakwa rangi. Ni mbao tupu ya mti ambao Wajerumani huuita Linde, laini, nyuzi zimebanana, haipasuki ovyo. Fundi asiyetegemea rangi hana pa kufichia kosa; mshipa wa mkono na mkunjo wa kanzu vyote vitoke kwenye patasi. Na huyu bwana kavitoa! Nyuma ya Karamu ya Mwisho kuna vidirisha vya vioo vya kweli, mwanga unapenya katikati ya mitume. Wingu likipita nje, nyuso zinabadilika. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Anayesimama katikati ni Yuda, mfuko wa fedha mkononi, na Yesu anamnyooshea tonge. Mwache kidogo, tazama mabawa ya pembeni: kushoto Yesu anaingia Yerusalemu juu ya punda, kulia anasali mlimani na wanafunzi wamelala fofofo. Ni nakshi ya bapa, na hapo ndipo jasho lilipo. Kuchonga sanamu nzima una nafasi ya kuzunguka. Kwenye ubao bapa, mlima, watu na usiku vyote vigombanie kina kidogo tu.

Beba darubini. Msalaba wa juu, wenye kito kinachohifadhi masalia yanayoaminiwa kuwa ya Damu ya Yesu, yaliyoipa altare jina, hauuoni vizuri kwa macho matupu, na shingo yangu ilinikumbusha hilo siku mbili.

Nyota tano. Moja naitenga kwa Erhart Harschner, seremala aliyepewa kazi ya sanduku la altare linalobeba sanamu, na nguzo zake nyembamba, tangu 1499. Watu wote pale walikuwa wakimtaja mchongaji tu.