Nyuzi za kufumia: akriliki, pamba au sufu?

Sweta za watoto mi bado niko na akriliki, bei poa na unafua bila mawazo, ila pasi ya moto usipitishe kabisa, sweta inalegea na hairudi tena. Pamba kwa joto la Dar ni sawa lakini haivutiki, mkono unachoka, anayejifunza asianze nayo. Sasa hivi nimefika kwenye mitindo ya msokoto (vitanzi vinapishana kama kamba iliyosukwa) na hapo merino, sufu laini ya kondoo, ndo mwenyewe!! misokoto inatokeza, ukidondosha kitanzi unakidaka fasta, shida bei, na ukiisugua kwenye maji ya moto inasinyaa. Stoku yangu iko kwenye ndoo zenye mfuniko, kila donge na lebo yake, jamani lebo msitupe, madonge mawili ya rangi moja yakipishana namba ya mkupuo (yaani hayakutiwa rangi pamoja) utaona mstari kifuani.