Seti ya Kudarizi ya Bei Nafuu: Kati ya Nyuzi Hamsini, Nzuri ni Ngapi?

Hamjambo wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo nina hii seti ya kudarizi kwa mkono, aina ile inayotangazwa kila ukifungua simu: nyuzi hamsini za rangi, fremu tano za mwanzi, pakiti ya sindano, makasi madogo na vitambaa viwili vilivyochorwa maua. Nimelipa chini ya elfu mbili, ikaletwa kwa pikipiki mpaka getini. Boksi halina jina la maana, kwa hivyo msinidai jina. Wengi mmeniuliza kama inafaa kwa mtu anayeanza. Fremu, ndiyo. Nyuzi, hapana. Na hapo kwenye nyuzi ndipo nitakapokaa sana leo, nivumilieni.

Tuimalize fremu kwanza. Skrubu inakaza, duara halijapinda sana. Ila mwanzi mtupu unateleza, kitambaa kinalegea kila baada ya muda. Chukua utepe wa pamba, hata ukitoka kwenye shuka kuukuu, uuzungushe kwenye lile duara la ndani la fremu mpaka ulifunike lote. Kitambaa hakitatoka tena. Kikaze mpaka ukikigonga kwa kidole kitoe mlio. Na ukimaliza kazi ya siku, kitoe kwenye fremu, la sivyo utaachiwa alama ya duara ambayo hata pasi inaisumbua.

Sasa nyuzi. Hebu nisogeze huku mwone. Uzi wa kudarizi si uzi wa cherehani. Huu mmoja ni nyuzi sita nyembamba zilizolala pamoja, na wewe ndiye unayeamua utumie ngapi: mmoja kwa nywele za mtu au mshipa wa jani, mbili au tatu kwa ua, zote sita ukitaka kitu kinene. Unakata urefu wa kutoka ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko, unashika mmoja, unauvuta juu polepole. Ile mingine inajikunja chini, unadhani umeshaharibu, kumbe ukitoka tu, iliyobaki inanyooka yenyewe. Mimi kitendo hiki kidogo kinanifurahisha kuliko hata ua lenyewe likikamilika, sijui kwa nini.

Nyuzi za boksi hili hazitoki hivyo. Ona... ona inavyoshikana. Zina manyoya, zinasuguana, na ukipitisha kwenye kitambaa mara kadhaa zinaanza kuchakaa kabla hata kazi haijafika nusu. Pia hazing'ai. Pamba ya kudarizi inang'aa kwa sababu imepitishwa kwenye dawa kali iitwayo kostiki soda. Mwingereza John Mercer ndiye aliyeona mwaka 1844 kwamba dawa ile inaivimbisha pamba na kuifanya ishike rangi vizuri, kisha mwaka 1890 Horace Lowe akagundua kwamba ukiivuta ikiwa bado imo humo, inatoka ikimeremeta. Mtu akikuuzia uzi wa pamba uliofifia kama huu, ujue hatua fulani imefanywa shingo upande.

Jambo la pili ni namba. Kila fungu hapa lina namba, na namba zimeazimwa kutoka kwa DMC, kampuni ya nyuzi iliyoanza mwaka 1746 mjini Mulhouse, ambao leo uko Ufaransa. Kwa DMC, 310 ni nyeusi, uinunue Nairobi au Lyon. Ndiyo faida ya namba: uzi ukikuishia katikati ya jani, unarudi dukani unapata kijani kile kile. Fungu lina mita nane tu, kwa hivyo utakuishia, usijidanganye. Lakini namba za seti hii haziendani na rangi za kweli. Nimeweka nyekundu yao karibu na ile wanayodai kuifuata, na hata mume wangu, ambaye kwake kila kitu ni bluu au si bluu, ameona tofauti.

Halafu nyekundu inachuja. Fanyeni jaribio hili kabla ya kushona chochote: lowesha pamba nyeupe, ubane uzi ndani yake, uache kidogo. Hii yangu imetoka na waridi. Fikiria umedarizi shali ya mtoto, maua na jina, halafu mama yake aifue.

Sindano ni za kawaida, ila chache zina tundu lenye makali yanayokata uzi. Ukiona uzi unakatika pale pale kila mara, usijilaumu, tupa sindano. Mkumbuke pia kwamba namba ya sindano ikipanda, sindano inakuwa nyembamba zaidi.

Mtu ataniuliza: kwani shida yote hii ya nini, na mjini kuna mashine za kompyuta zinazopiga beji za sweta za shule kwa dakika chache? Ni kweli. Ukitaka beji arobaini zinazofanana, nenda kwa wale mafundi, usiniite. Mkono una kazi nyingine. Wenye umri wangu mnakumbuka vitambaa vya makochi sebuleni, vyenye ndege wawili na maandishi ya kukaribisha wageni. Ulikuwa ukimtambua aliyeshona kwa mkono wake tu, bila kuambiwa. Na kule Lamu kuna kofia za viua, vitundu vidogo vinatobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, kofia moja ikachukua wiki nyingi, hata miezi. Mashine inatoa kofia pia, na wenyewe hawachukui muda kuzitofautisha.

Ugumu nao upo, sitawaficha. Shingo inauma. Uzi unajisokota kila unapopita, ndiyo maana unapata mafundo. Achia sindano ining'inie ijizungushe, uzi utajilegeza. Mshono wa kujaza, ule wa nyuzi ndefu zilizolala bega kwa bega, usiurefushe sana, utanaswa na pete au kucha. Na kufumua kupo. Kuna jioni utakayofumua zaidi ya unavyoshona. Julai hii yetu ya mawingu ndiyo mbaya zaidi, saa kumi na moja macho yameshachoka, na stima zikipotea, weka chini. Usishone nyeusi juu ya nyeusi kwa tochi ya simu.

Vitambaa vyao vilivyochorwa vinapita, mradi ufue mchoro kwanza ndipo upige pasi, maana wino mwingine ukipata joto haufutiki tena. Mimi ningependa zaidi amerikani ya kawaida, uifue kabla kwa sababu inaruka, yaani inapungua ikifuliwa, au shuka ya pamba ya mtumba kutoka soko la Gikomba hapa Nairobi. Hiyo imeshafuliwa mara nyingi huko ilikotoka, haina cha kuruka tena.

Kwa hivyo: kama ni watoto wamefunga shule na unataka watulie, nunua seti, watafurahia rangi. Kama unataka kushona kitu kitakachofuliwa, nunua fremu moja, pakiti ya sindano na mafungu matano au sita ya uzi mzuri, ukizunguka Biashara Street na vichochoro vya karibu. Pesa haitazidi sana ile ya boksi. Na uende na kitambaa chako mkononi, kisha umwombe mwenye duka akuruhusu utoke na uzi mpaka mlangoni, kwa sababu krimu ya chini ya taa za duka ikifika juani mara nyingi ni manjano.