Kabla ya kulipia programu ya CAD, jaribu nakala ya kioo

Mwaka jana mabomba mraba manane yalikatwa mafupi karakanani kwetu, na fundi hakuwa na kosa. Nilikuwa nachora geti la milango miwili kwa CAD, yaani programu ya kuchora vitu kwenye kompyuta. Nilimaliza mlango wa kushoto, pamoja na bawaba na boksi la komeo, nikaugeuza kama kwenye kioo nikapata wa kulia. Baadaye mteja akataka mlango mdogo wa kupita watu upande wa kulia tu. Nikafupisha nguzo za kulia, nikachapa vipimo, vijana wakakata. Za kushoto nazo zilikuwa zimefupika na sikuona. Milango yote miwili ilikuwa inasoma faili lilelile.

Wakala nilikuwa nimemuuliza kabla ya kulipa: programu hii inageuza asembli, yaani kitu kizima kilichounganishwa kwa sehemu kadhaa? Akajibu inageuza, na ni kweli. Nilichopaswa kuuliza ni kama nikigusa upande mmoja, wa pili unabaki salama.

Ndiyo maana RAM na kadi ya picha za kompyuta siziongelei hapa. Kila muuzaji atakueleza hayo. Nenda dukani na asembli yenye asembli nyingine ndani yake, mathalani mlango wenye boksi la komeo, na ndani ya boksi kuna kibati na bolti. Mwambie aigeuze, kisha abadilishe urefu wa kile kibati cha ndani kabisa. Rudi uangalie cha asili. Wengi hujaribu fremu ya nje, wakaona imejitegemea, wakaridhika, kumbe vya ndani bado vimefungwa pamoja. Angalia na bolti: haitakiwi kugeuzwa, maana bolti ya kioo ni bolti ya uzi wa kushoto, na dukani utaitafuta mpaka uchoke.

Chaguo langu la kwanza ni SolidWorks, na sifichi kwamba naipendelea. Unapogeuza asembli, inakuuliza sehemu kwa sehemu: hii iwe ileile ila imewekwa upande wa pili, au itengenezwe ya mkono wa pili, yaani iliyogeuzwa kama kwenye kioo? Bolti unaiacha ileile, kibati chenye tundu la upande mmoja unakitengenezea cha mkono wa pili. Kisha unachagua nakala iingie ndani ya faili la zamani au ipate faili jipya. Chagua faili jipya, kila mara, na ukate uhusiano na sehemu ya asili. Hapo ndipo unaweza kufupisha nguzo ya kulia ukalala usingizi. Kama milango itabaki sawa daima, usiukate uhusiano, utakuokolea kazi. Lakini uwe umeamua wewe.

Ya pili ni Inventor. Nayo inakupa nafasi ya kuchagua kwa kila sehemu: igeuzwe, itumike ileile, au iachwe nje. Mpaka hapo sina neno. Tatizo ni pale unapokata uhusiano: sehemu iliyogeuzwa inabaki bonge lisilo na historia, huwezi kurudi kwenye mchoro wa mwanzo ukabadilisha kipimo. Kwa geti utavumilia. Kwa mashine ya kusaga yenye sehemu nyingi, utachora upya.

SketchUp maseremala wengi wanaijua, na kwa kabati za jikoni inatosha. Ila ule mtego wa ndani umo: ukiifanya kabati iliyogeuzwa kuwa ya pekee, droo na vishikio vilivyomo ndani bado ni vilevile vya kabati ya kwanza. Lazima uingie ngazi kwa ngazi.

Za bure: FreeCAD ni yako kabisa, na tangu toleo la 1.0 la Novemba 2024 ina sehemu yake ya asembli, lakini nakala huru unaipata kwa kupoteza historia. Fusion ya bure hairuhusiwi kwa biashara na inakubana kwenye mafaili 10 unayoweza kuhariri. Onshape ya bure huweka michoro yako hadharani, washindani nao waione.

Bei ndiyo inayoniuma. Autodesk, kampuni ya Inventor na Fusion, iliacha kuuza leseni mpya za kudumu za programu mojamoja mwaka 2016, na Trimble ikafanya hivyo kwa SketchUp mwaka 2020. Sasa fundi anakodi kalamu yake kila mwaka, tena kwa dola, wakati mteja wa geti analipa shilingi, nusu leo na nusu siku asiyoijua mtu. Halafu wakala hataki kuandika bei kwenye tangazo. Mpaka upige simu, akuulize una wafanyakazi wangapi, ndipo ataje. Mimi nilipiga mara mbili wiki moja kwa wakala mmoja nikatajiwa bei mbili. Nilipoomba aifungue asembli yangu mbele yangu kabla sijalipa, alisema majaribio ni kwa wateja wakubwa. Wewe omba hilohilo, na umpelekee asembli yenye boksi la komeo ndani.