Mwaka mmoja na Yamaha R-S202: nilivyoachana na sabufa

Kabla ya risiva hii (amplifaya yenye redio ndani yake) inayoimba sebuleni kwangu, nilishazika redio mbili.

Ya kwanza ilikuwa sabufa, zile za spika mbili ndogo na boksi la besi lenye taa za kucheza. Kwenye kadibodi yake waliandika wati 12,000 PMPO, yaani zile wati za kutangazia biashara. Nyuma ya mashine yenyewe, kwenye kibandiko ambacho dukani hakuna anayekiangalia, imeandikwa inakula umeme wati 60. Nilikuja kukisoma siku nilipoigeuza kutafuta mende. Sasa piga hesabu: wati 12,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 ni zaidi ya ampea 52, na fyuzi ya kwenye plagi ya pini tatu ni ampea 13. Ingekuwa inatoa hizo wati kweli, nyumba ingebaki giza kabla wimbo haujafika kiitikio. Nikamwonyesha shemeji, maana naye anayo ileile. Akaniambia, "Shem, mimi nasikiliza, sisomi."

Ya pili ndiyo iliyoniuma. Amplifaya ya mtumba kutoka Japani, chuma cha miaka ya 1980, nzito kama mfuko wa unga, kitufe cha sauti kinazunguka utadhani kimepakwa siagi. Nikamuuliza muuzaji kama inakubali umeme wa huku. "Umeme ni umeme, bosi." Nyumbani nikachomeka, taa ikawaka, nikatabasamu, ikatoa moshi. Japani umeme wao ni volti 100. Kibandiko cha nyuma kilisema hivyo waziwazi, 100V, na mimi niliyekuwa nikimcheka shemeji sikukisoma. Fundi alinusa tu, mita hakuigusa: "Transfoma imekwenda, kaka." Kwa hiyo ukipenda vyuma vya Japani, na ni vizuri kweli, nunua na transfoma ya kushusha umeme siku hiyohiyo, yenye wati za kutosha, na iandikwe 100V. Zile za 110V za vifaa vya Marekani si zake.

R-S202 aliniletea mdogo wangu anayekwenda Dubai kufuata mzigo. Dubai wanatumia volti na plagi kama zetu, lakini safari hii nilimwambia apige picha ya kibandiko kwanza ndipo atoe hela. Ni risiva ya chaneli mbili tu, wati 100 kila upande kwenye spika za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme), ina redio na Bluetooth. Haina tundu la kuchomeka boksi la besi, na haina la santuri. Mzee wangu ana sahani zake za zamani kabatini. Ili zilie hapa inabidi ninunue kikuza sauti kidogo cha santuri, cha kuchomeka pembeni. Ni vizuri ulijue hilo kabla ya kununua. Spika nilipata hapahapa Dar, za mbao, mtumba, koni ya inchi sita na nusu.

Jioni ya kwanza nilitaka kulia. Hela yote ile, besi hakuna! Sauti nyembamba, imetawanyika chumba kizima, mwimbaji hujui yuko wapi. Siku tatu nimewalaumu waliotengeneza spika. Kumbe waya wa spika moja niliugeuza, nyekundu kwenye tundu jeusi. Koni moja inasukuma hewa, nyingine inaivuta, besi zinauana katikati. Fundi alinifundisha kupima kwa betri ya rimoti: risiva izimwe, chomoa waya upande wake, ncha moja gusisha chanya ya betri na nyingine hasi, mara moja tu kisha toa. Koni ikiruka mbele, waya uliogusa chanya ndio wa nyekundu. Ikirudi nyuma, umegeuza. Nilipobadilisha, mke wangu alitoka jikoni kuuliza kama nimenunua nyingine.

Waya nao una mambo. Nilioletewa pamoja na spika nilipoukwangua kwa kisu, chini ya rangi ya shaba kukatokea weupe: alumini. Nikaenda duka la vifaa vya umeme nikachukua wa shaba tupu, unene wa milimita 1.5 za mraba, mita chache tu. Unapoumenya, sokota nyuzi zote zibane. Uzi mmoja uliochomoza ukigusa tundu la jirani unaweza kuua amplifaya, na hakuna garantii itakayokusikiliza. Vilevile usiunganishe spika mbili za omu 8 kwenye tundu moja ukidhani umeongeza muziki. Kwa risiva, spika hizo mbili zimekuwa omu 4, itachemka.

Mwanzoni spika zilikaa juu ya kabati la vyombo. Vikombe vya harusi vilikuwa vinalia kuliko ngoma. Nikazishusha kwenye stuli mbili, twita (zile spika ndogo za sauti nyembamba) zikawa usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, mita mbili kati yao na mita mbili hadi kochi langu, na ukutani nikaacha nafasi ya viganja viwili. Kwenye kona ya chumba usiziweke, besi inavimba. Sakafu yangu ni vigae, ikawa inarudisha mwangwi, zulia likatuliza. Mama mkwe alipokuja akaketi kwenye kochi lile, taarabu inapigwa, sauti ya mwimbaji imesimama katikati pale ambapo hakuna spika, ipo televisheni tu. Akaitazama, akanigeukia: "Baba, mbona hii imezimwa na inaimba?" Sifa kubwa kuliko hiyo sijawahi kuisikia.

Mama mkwe huyohuyo alituachia zawadi ya kitambaa cha kufuma, na mke wangu akakitandaza juu ya risiva, na juu yake chombo cha maua. Matundu ya juu ndiyo pua yake. Baada ya saa moja niligusa bati nikatoa mkono haraka. Tulijadiliana kwa heshima, kitambaa kikahamia kwenye friji.

Umeme ukikatika nachomoa kabisa, kwa sababu ukirudi huwa unarudi kwa hasira. Nasubiri kama dakika tano. Masika, ngurumo zikianza, nachomoa na waya wa antena pia. Iko kwenye soketi yake ya ukutani, haichangii ekstensheni na pasi. Na fyuzi ikiungua nanunua fyuzi. Najua nyumba ambayo ndani ya plagi kuna karatasi ya pakiti ya sigara, na watoto wanalala chumba hicho.

Kuhusu sauti, kitufe sijawahi kukipitisha nusu. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, sauti inakwaruza, na cha kwanza kuungua ni twita. Masikio hata duka halina. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, zinabaki saa 4 tu. Nilipakua programu ya kupimia kwenye simu, si sahihi sana, ila ilinionyesha kuwa Jumamosi zangu za zilipendwa zilikuwa zinacheza na 90 kuanzia mchana hadi magharibi.

Kinachoniudhi ni Bluetooth. Sauti ni safi, lakini simu ikipokea ujumbe, mlio unapitia spika zote mbili. Juzi tumekaa na wageni, kaswida inaendelea, mara ting! kubwa kama kengele ya shule. Shemeji akageuka: "Hela imeingia?" Ilikuwa ni watu wa mtandao wananikumbusha deni. Siku hizi natumia waya.